Albamu ya pili ya Sauti Sol na mzigo usiopimwa mpakani

Lori lililotoka Mombasa likifika Bugembe limeshapimwa uzito, karatasi zake zimeshagongwa mihuri Malaba au Busia, na kila gunia lililomo lina bei yake. Kitu kimoja tu hakikuandikwa popote: nyimbo zilizo kwenye flashi ambayo dereva ameichomeka kwenye redio. Hizo zimevuka bila ushuru na bila mtu kuuliza ni za nani. Dereva akisimama kula rolex na chai kando ya barabara ya Jinja kwenda Iganga, na mwenye kibanda cha simu akaupenda wimbo mmoja, haichukui siku nyingi wimbo huo kuingia kwenye memori kadi za wateja wake.

Kwa njia kama hiyo muziki wa Kenya umeingia Busoga kwa miaka mingi, na muziki wa Uganda umekwenda Kisumu na Eldoret. Wachuuzi wa mpakani ndio wabebaji wakubwa wa biashara hii, ingawa wengi wao hawaihesabu kuwa biashara. Leo tuitazame kupitia kundi moja la vijana na albamu yao ya pili: Sauti Sol wa Nairobi, na Sol Filosofia iliyotoka mwaka 2011.

Safari ya kwanza na ya pili

Sauti Sol walianza mwaka 2005. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikuwa wamefahamiana katika shule ya Upper Hill jijini Nairobi, wakiimba kwa midomo mitupu bila ala. Mpiga gitaa Polycarp Otieno alijiunga nao, na kundi likawa la watu wanne. Walijiita Sauti, kisha wakaongeza Sol, neno la Kihispania lenye maana ya jua.

Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka 2008 chini ya kampuni ya Penya Africa. Ndiyo yenye Lazizi, wimbo wa mapenzi uliopendwa sana, na Blue Uniform, uliowazungumzia askari polisi. Watu walishangaa kusikia vijana wa mjini wakipatanisha sauti nne kwa gitaa la kawaida, wakati ambapo redio nyingi zilijaa midundo ya kompyuta.

Kila mfanyabiashara anaijua hali hiyo. Mara ya kwanza unapopeleka mzigo mgeni sokoni, watu wanakuja kuutazama kwa sababu ni mpya. Pengine unaumaliza kwa siku mbili. Lakini faida ya siku hizo mbili haikuambii kama una biashara. Safari ya pili ndiyo inayokuambia. Wateja wameshakuzoea, jirani ameshaleta mzigo kama wako, na mtaji uliouweka sasa ni wako mwenyewe, si wa kubahatisha.

Kwa wanamuziki, safari ya pili ni albamu ya pili. Nyimbo za albamu ya kwanza mara nyingi zimepikwa kwa miaka, tangu msanii akiwa shuleni. Za pili anatakiwa kuzitunga huku akisafiri, akidaiwa, na akilinganishwa na yeye mwenyewe wa jana. Makundi mengi ya vijana huishia hapo. Tanzania ilikuwa na Yamoto Band, vijana wanne waliolelewa na Said Fella katika kituo cha Mkubwa na Wanawe: Aslay, Beka, Enock Bella na Mbosso. Walipendwa Afrika Mashariki nzima, lakini baada ya miaka michache kila mmoja alishika njia yake. Sauti yao ilikuwa nzuri. Kulishikilia kundi ni kazi nyingine.

Sol Filosofia ilivuka mtihani huo. Ilibaki na sauti zile nne na gitaa, na wimbo wake uliosikika zaidi ni Coming Home. Mwaka uliofuata, 2012, walitoa albamu fupi yenye jina la kundi, iliyotayarishwa na Spoek Mathambo wa Afrika Kusini. Safari hii waliingiza midundo ya umeme ambayo mashabiki wa Lazizi hawakuitarajia. Ni kama muuza vitenge aliyesimama imara kwa kitenge, kisha akaongeza bidhaa nyingine kwenye meza ileile.

Soko liliwakuta wapi

Albamu hiyo ya pili ilitoka katika mwaka wa aina yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwenye karatasi, bidhaa, watu, kazi, huduma na mitaji viliruhusiwa kuzunguka kutoka nchi hadi nchi. Wimbo nao ni huduma, na mwimbaji ni mfanyakazi. Kwa hesabu hiyo, kundi la Nairobi lilikuwa limepewa soko kubwa kuliko Kenya.

Lakini mtindo wa kuuza sahani ulikuwa tayari umechoka. Katika masoko yetu, sahani halisi ilisimama karibu na sahani iliyochomwa kwenye kibanda, na ile ya kuchoma iliuzwa kwa bei ndogo sana huku ikiwa na nyimbo za wasanii kumi. Mteja wa kawaida hakuona sababu ya kulipa zaidi. Kisha ikaja memori kadi, na hata sahani ya kuchoma ikakosa mnunuzi. Msanii aliyetegemea kuuza albamu kama nyanya, moja kwa moja, pesa mkononi, alikuwa anategemea soko lililokuwa linafungwa.

Sauti Sol walitafuta njia nyingine za kuwafikia wateja. Sura Yako ya mwaka 2014 ilikuja na mtindo wa kucheza ulioitwa Lipala, wenye asili ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Mwaka huohuo walichukua tuzo ya MTV ya Ulaya kwa msanii bora wa Afrika. Julai 2015 Rais Barack Obama wa Marekani alipokuwa mgeni wa taifa Nairobi, alionekana akicheza Lipala pamoja nao. Novemba mwaka huo, albamu yao ya tatu, Live and Die in Afrika, ilitoka kwenye tovuti yao wenyewe. Hawakuingoja ipangwe kwenye rafu za duka.

Wakaja mpaka kwenye chungu chetu

Jambo la nne walilofanya linamhusu zaidi msomaji wa Bugembe. Waliwafuata majirani. Mwaka 2016 waliimba Unconditionally Bae na Alikiba wa Tanzania. Katika albamu ya Afrikan Sauce walishirikiana na wasanii wa nchi mbalimbali, na kutoka Uganda wakamchukua Bebe Cool. Wimbo wao unaitwa Mbozi za Malwa.

Jina hilo halihitaji tafsiri kwa mtu wa Jinja, Mbale au Tororo. Mbozi ni mazungumzo. Malwa ni pombe ya ulezi inayotiwa maji ya moto chunguni, watu wakaizunguka na kuinywa kwa mirija mirefu. Wateso wanaiita ajon, na Wateso wako pande zote mbili za mpaka wa Busia na Malaba. Hata Lipala si mgeni kabisa Mbale, kwa sababu Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda ni ndugu wa Mlima Elgon, wenye ada moja ya tohara. Msamia naye ana shangazi Busia hii na mjomba Busia ile.

Kwa hiyo kundi lilipoita wimbo kwa jina la malwa, lilikuwa linawafikia wateja ambao mchuuzi wa mpakani amewajua tangu zamani. Watu wetu walianza kuungana kabla ya itifaki kuandikwa. Serikali zinafuata nyuma: Jumuiya ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kama lugha rasmi ya nchi Julai 2022. Sokoni Bugembe, Kiswahili cha nyimbo na cha madereva kilikuwa kimeshafika.

Pesa inarudije?

Hapa ndipo penye shida. Mzigo wa vitunguu ukivuka, pesa inarudi kwa mkulima, hata kama ni kidogo. Kama thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa iko kwenye orodha, mchuuzi anajaza cheti rahisi cha asili ya bidhaa na kupita kwa unafuu. Wimbo ukivuka ndani ya flashi, mara nyingi hakuna kinachorudi. Anayefaidi ni mwenye kibanda, na mwenye baa aliyejaza viti.

Sheria zipo pande zote. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na chama cha UPRS kinakusanya mirabaha kutoka kwa wanaopiga muziki hadharani. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na bodi ya KECOBO. Tanzania ina COSOTA. Mwenye baa, hoteli, saluni au basi anayepiga muziki kwa wateja wake anatakiwa kuwa na leseni, na muziki wa nchi jirani haumwondolei wajibu huo. Akija afisa, mwombe kitambulisho, lipa kwa njia rasmi na udai risiti, kama unavyofanya kwenye forodha.

Simu nayo imefungua mlango. Mteja wa Kenya anaweza kuweka wimbo kwenye Skiza ili anayempigia ausikie, na wa Uganda anaweza kufanya hivyo kwenye CallerTunez ya MTN. Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha sheria yake ili msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Mfanyabiashara anayejua faida inavyogawanywa kati ya mkulima, dalali na muuzaji wa rejareja ataona mara moja kwamba hiyo si hesabu ndogo.

Jinja ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Mowzey Radio, mmoja wa wawili waliovuma kama Radio na Weasel, alizaliwa hapa na kufariki Februari 2018. Nyimbo zake bado zinapigwa Kisumu na Mwanza. Ikiwa tunataka wa kwake walipwe kutoka ng'ambo ya mpaka, nasi tulipe za wenzetu.

Baada ya kengele ya mwisho

Sauti Sol walitoa Midnight Train mwaka 2020 chini ya Universal Music Africa, na Novemba 2023 waliagana na mashabiki kwenye tamasha la SolFest jijini Nairobi ili kila mmoja afanye kazi zake. Kundi lililoanza na sauti tatu shuleni lilidumu miaka 18 na kutoa albamu tano. Walikuwa pia wameanzisha lebo ya Sol Generation mwaka 2019, iliyowainua Bensoul na Nviiri, kama tajiri anayewafungulia duka vijana aliowafundisha kazi.

Yote hayo yalitegemea kuvuka ule mwaka wa 2011, wakati mzigo wa kwanza ulikuwa umeisha na soko halikuwa na uhakika na wa pili. Walioimba wamemaliza sehemu yao. Iliyobaki ni ya wanaobeba na wanaopiga. Ukiwa Bugembe na kibanda cha kunakilia nyimbo, au spika mbele ya duka, anza na moja: ulizia leseni ya muziki inagharimu kiasi gani kwa biashara ya ukubwa wako, kisha uiandike kwenye daftari la matumizi karibu na kodi ya pango. Muziki unakuletea wateja kila siku, na gharama yake ina mahali pake kwenye hesabu zako.