Chakula cha Mzazi Anayetaka Kupunguza Uzito

Mwanamke akisha kujifungua salama, hushukiwa na mashauri mawili yasiyopatana juu ya jambo moja, nalo ni sahani yake. Shauri la kwanza hutoka kwa mama, kwa shangazi na kwa mkunga wa nyumbani, ambao tangu siku ya kwanza hadi ya arobaini humwandalia uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, uwatu, samli na asali, na kumhimiza ale mpaka asaze, kwa kuwa mwili wake umelegea na mtoto anamtazamia yeye. Shauri la pili hutoka kwa marika zake na kwa picha za simuni, zenye kuonyesha wanawake ambao, kwa madai yao, walikirudia kiuno cha usichana kabla hata nifasi haijakatika, na humwambia mzazi huyo huyo kwamba asubuhi anywe maji ya ndimu, mchana ale tango, na usiku alale na njaa. Makala hii haikusudii kuwasuta wazee wala kuwacheka vijana. Yakusudia kuonyesha kwamba mzazi aweza kupunguza uzito bila ya kujidhuru nafsi yake wala kumdhulumu mtoto, maadamu atayajua mambo matatu: wakati wa kuanza, kiasi cha kupunguza, na mahali pa kupunguzia.

Yafaa kwanza kujua uzito wenyewe umetoka wapi. Mwanamke mwenye mwili wa wastani hushauriwa aongezeke kati ya kilo 11 na 16 katika mimba, wala uzito huo si mafuta matupu. Mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi na damu hutoka siku ile ile ya kujifungua, na vyote pamoja aghalabu hufika kilo 5 au 6. Maji yaliyozidi mwilini hutoka kwa jasho na mkojo katika siku zifuatazo. Na mji wa mimba, ambao siku hiyo una uzito wa karibu kilo 1, hujikunja kidogo kidogo hata ukarejea kimo chake cha asili baada ya wiki 6 hivi. Kinachobaki ni kilo kadha za mafuta, nayo hayakuja kwa bahati mbaya, bali maumbile yameyaweka akiba nyongani, mapajani na tumboni ili yasaidie kutengeneza maziwa. Kwa hiyo tumbo linaloonekana katika wiki ya pili si ushahidi wa ulafi; na kanga inayofungwa kiunoni, ijapokuwa humpa mzazi raha ya mgongo, haiyeyushi mafuta hata kidogo.

Maziwa hayo yana gharama yake, na gharama hiyo hupimwa kwa kalori, yaani kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula. Mtoto asiyepewa kitu kingine ila ziwa la mama hunyonya kwa siku robo tatu ya lita au kuzidi kidogo, na kuyatengeneza maziwa hayo humgharimu mama zaidi ya kalori 600. Wataalamu wa lishe wa Umoja wa Mataifa walipopiga hesabu hii walikadiria kwamba, katika miezi 6 ya kwanza, mama aliyekula vyema wakati wa mimba ahitaji kuongeza kalori 500 hivi katika chakula chake cha kila siku, na kalori 170 hivi zinazobaki hutolewa na ile akiba ya mafuta. Maana yake ni kwamba mzazi anyonyeshaye, akila kwa kadiri, amekwisha kuanza kupungua hata kabla hajajinyima tonge moja. Na ndiyo sababu haraka katika jambo hili haina faida.

Tukija kwenye wakati, wazee wana haki yao. Siku 40 walizozitenga kwa ajili ya mapumziko ya mzazi zinakaribiana sana na wiki 6 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa ni muda wa uangalizi baada ya kuzaa, na ambazo mwisho wake mama na mtoto hutakiwa wapimwe kliniki. Katika muda huo kidonda cha uzazi kinafunga, damu iliyopotea inarudishwa, na maziwa yanajipatanisha na haja ya mtoto. Mwili unaofanya kazi tatu kama hizi kwa pamoja haustahili kupunguziwa posho. Basi mpaka arobaini itimie, mzazi ale ashibe, anywe kila aonapo kiu, atembee pole pole akijiona ana nguvu, na mizani aiache. Hapana kinachomharakisha: Qurani katika sura ya al-Baqara, aya ya 233, yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza, na madaktari nao husema vivyo hivyo, kwamba mtoto anyonye hadi miaka miwili au kuzidi, na nafasi hiyo yatosha kabisa kwa kilo zilizopatikana katika miezi tisa.

Baada ya arobaini, na baada ya muuguzi au daktari kuridhia, ndipo kiasi kinapoingia. Mwendo ulio salama ni kupungua nusu kilo kwa wiki, na hesabu yake ni nyepesi: kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, kwa hiyo mwenye kupunguza kalori 500 kila siku hupoteza nusu kilo kwa wiki, au pungufu kidogo. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa Cheryl Lovelady na wenzake wa Marekani, waliowafuata wanawake 40 wenye uzito uliozidi, wote wakinyonyesha, tangu wiki ya 4 hadi ya 14 baada ya kujifungua. Kundi moja lilipunguziwa kalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi ya viungo siku 4 za wiki. Kundi la pili liliachwa na desturi zake. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 4.8 na wa pili kilo 0.8, na watoto wa makundi yote mawili walikua sawasawa kwa uzito na kwa urefu. Uchunguzi huo unatoa ruhusa, lakini unatoa na mpaka: wanawake hao walipunguza kiasi, hawakujitia njaa. Mzazi anyonyeshaye asishuke chini ya kalori 1,800 kwa siku bila ya amri ya mtaalamu, kwani chini ya hapo ni taabu kubwa kupata chuma, chokaa na vitamini za kutosha watu wawili, hata vyakula vichaguliwe kwa busara namna gani.

Sasa ni wapi pa kupunguzia? Jibu limo katika kikaango na bakuli la sukari, wala halimo katika sufuria. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4 tu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia, au cha samli, ni kalori zipatazo 120. Ndiyo kusema kwamba chapati iliyosukumwa kwa mafuta, maandazi, bajia na viazi vya kukaanga humjaza mtu kalori nyingi kabla hajahisi kushiba, na kwamba mchuzi wa tui la kwanza ni mzito kupita kiasi kwa mtu anayetaka kupungua, hali tui la pili humpa ladha ile ile kwa gharama ndogo. Sukari nayo ni mwizi asiyeonekana: mzazi anywaye vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekunywa kalori kama 200, na soda moja ya chupa ndogo ina sukari ya vijiko saba au zaidi, wala haina kitu kingine cha kumfaa yeye wala mtoto. Uji wa pilipili manga wenyewe hauna lawama yoyote. Lawama ni ya samli na sukari zinazomiminwa humo kwa jina la huruma.

Tuonyeshe siku moja ya mfano kwa vyakula vya pwani, kila mtu akibadilisha kwa vile vya kwao. Asubuhi mzazi anywe bakuli la uji wa ulezi au wa mtama uliopikwa na kikombe cha maziwa, sukari vijiko viwili vidogo, pamoja na yai la kuchemsha na ndizi mbivu. Kati ya asubuhi na adhuhuri ale chungwa na konzi ya karanga za kukaanga bila mafuta. Mchana ale wali vikombe viwili, kipande kizuri cha samaki wa kuchoma au wa mchuzi wa nyanya, na mchicha wa kutosha uliopikwa kwa tui jepesi. Alasiri anywe kikombe cha mtindi, na usiku ale viazi vitamu viwili vya kuchemsha, kikombe cha maharage au kunde, mboga za majani zilizokaangwa kwa kijiko kidogo cha mafuta, na kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Siku hiyo nzima haitazidi kalori 2,000 kwa kitu kikubwa, wala haitashuka chini ya 1,800, na mwenye kula hivyo hatasimama mezani na njaa. Akiamka usiku kunyonyesha akaona tumbo linadai, tunda au maziwa yapo. Asidhani kuwa kudai huko ni udhaifu wa nia.

Katika kupunguza huko, yako mambo yasiyopunguzwa abadan. Chuma ni la kwanza, kwa sababu ya damu iliyomwagika: maini mara moja moja, nyama, dagaa, maharage na mboga za kijani, zikifuatana na ndimu au chungwa vinavyosaidia mwili kukipokea, ilhali chai ikingoja walau saa moja baada ya mlo kwa kuwa hukizuia, na vidonge vya chuma vilivyotolewa kliniki vimalizwe kama ilivyoagizwa. Chokaa ni la pili, nalo hupatikana katika maziwa na katika dagaa waliwao pamoja na mifupa, kwani mama asipoila, maziwa ya mtoto huichukua katika mifupa yake. La tatu ni chumvi yenye madini joto, kwa ajili ya ubongo wa mtoto, ingawa itumike kwa kiasi. Vibua na samaki wadogo wafaa sana mara mbili tatu kwa wiki, ila papa na nduaro waepukwe, maana samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki katika nyama yao.

Ziko pia njia za mkato ambazo ni wajibu kuzitahadharisha. Chai za kukondesha zinazouzwa madukani aghalabu hutiwa sanamaki, nayo huendesha tumbo na kumwaga maji, si mafuta, hata mzazi akasifu mizani kwa kilo zitakazorudi kesho yake. Kuacha wanga kabisa wakati wa kunyonyesha ni hatari iliyo wazi: madaktari wameandika habari za wanawake waliofanya hivyo wakafikishwa hospitali mahututi, damu yao imechachuka kwa asidi. Vidonge vya kukata hamu ya chakula havimfai mwenye kunyonyesha. Hata saumu ya Ramadhani, ambayo ni faradhi, ina rukhsa kwa mwenye kunyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto, naye atalipa kadha baadaye. Na ikiwa ibada imemwachia nafasi, urembo hauna hoja ya kumnyima.

Wako wazazi ambao hesabu hii haiwahusu mpaka wasikie neno la daktari wao: aliyejifungua kwa kupasuliwa na kidonda hakijapona, mwenye mapacha, mwenye upungufu wa damu, mwenye shinikizo la damu, mwenye uzito pungufu tangu awali, na aliyeugua kisukari cha mimba, ambaye yampasa kupimwa sukari tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Na kila mmoja aliyeanza kupunguza azitazame dalili zake na za mtoto. Mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mstari wa kadi yake kliniki hupanda. Mstari ukilala, au mama akiona kizunguzungu, moyo kwenda mbio, maziwa kupungua, au simanzi isiyomtoka na kumfanya achukie chakula na watu, aache kupunguza siku hiyo hiyo na aende akaonane na mganga.

Mwisho, neno hili si la mzazi peke yake, kwa kuwa aghalabu si yeye anayekwenda sokoni wala si yeye anayekoroga chungu. Mume ajazaye kikapu na anunue mboga, matunda, dagaa na maziwa badala ya soda na maandazi; mama mkwe na shangazi wapikao wapunguze samli wasipunguze upendo; na wote kwa jamii waache kumtajia mzazi ukubwa wa tumbo lake, kwa mzaha au kwa shauri. Anayetaka kupungua apunguze mafuta na sukari, asipunguze chakula. Aanze baada ya arobaini, aende nusu kilo kwa wiki, na mtoto asikose haki yake.