Lifahamu lango la intaneti nyumbani kabla ya kulipia kasi zaidi

INTANETI inapokwama nyumbani, wengi huilaumu kampuni inayowauzia huduma au hukimbilia kulipia kifurushi cha bei ya juu. Mara nyingi pesa hizo hupotea bure kwa sababu kasoro haiko kwa kampuni wala katika kifurushi. Iko sebuleni, katika kisanduku chenye taa zinazomemeteka ambacho hakuna aliyekichunguza tangu fundi alipokitundika ukutani.

Kisanduku hicho ndicho lango la intaneti. Watu hukiita ruta, au Wi-Fi tu, lakini kwa hakika ni vifaa kadhaa vilivyotiwa katika ganda moja. Anayezijua kazi za kila kimoja huweza kutambua tatizo liko wapi na ni nani anayepaswa kulitatua.

Kazi nne, kisanduku kimoja

Kazi ya kwanza ni kupokea ishara kutoka nje. Katika nyumba zilizounganishwa kwa faiba, data husafiri kama nuru ndani ya uzi mwembamba wa kioo, na ni lazima nuru hiyo igeuzwe kuwa umeme ndipo tarakilishi iielewe. Baadhi ya kampuni hutenga kifaa maalumu kwa kazi hii. Palipo na kisanduku kinachotumia laini ya simu, modemu iliyomo ndani hunasa mawimbi ya mnara wa 4G au 5G.

Kazi ya pili ni ya ruta yenyewe. Data haisafiri kwa mkupuo, bali hukatwakatwa kuwa pakiti ndogondogo, kila moja ikiwa na anwani ya inakotoka na inakokwenda. Ruta huzisoma anwani hizo na kuzielekeza pakiti zinakostahili, mithili ya karani wa posta anayepanga barua.

Kazi ya tatu ni ya swichi, yaani yale matundu ya nyuma ambamo runinga au tarakilishi huunganishwa kwa waya. Ya nne ni Wi-Fi, ambayo ni mawimbi ya redio yanayochukua nafasi ya waya.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wi-Fi si intaneti. Ni daraja la mita chache tu kati ya simu na kisanduku. Simu yaweza kuonyesha mawimbi yenye nguvu kamili ilhali faiba imekatika barabarani.

Anwani na majina

Kila kifaa mtandaoni huhitaji nambari ya kukitambulisha, iitwayo anwani ya IP. Mfumo wa zamani wa nambari hizo, ambao ungali unatumika sana, una anwani zipatazo bilioni 4.3 pekee, idadi isiyowatosha walimwengu na vifaa vyao. Kwa hivyo lango hugawia vifaa vya nyumbani anwani za ndani, nyingi zikianza kwa 192.168, ambazo hazitambuliki nje. Ugawaji huo hufanywa na utaratibu uitwao DHCP.

Pakiti zinapotoka, lango huzibadilishia anwani, na majibu yanaporudi hukumbuka ni kifaa gani kilichouliza. Utaratibu huu huitwa NAT. Ni sawa na mtaa wenye lango moja na bawabu: mgeni hujua lango tu, naye bawabu ndiye ajuaye nyumba.

Kuna pia DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa nambari, kama vile simu inavyohifadhi majina ya jamaa ili mtu asikariri nambari zao.

Hesabu ya kasi

Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Hivyo, kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde hupakua megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itachukua zaidi ya dakika tisa, hata mambo yakienda sawa, na kasi hiyo hugawanywa miongoni mwa wote waliomo nyumbani.

Wi-Fi nayo ina masafa yake. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vyema zaidi, lakini katika majumba ya ghorofa husongamana na ya majirani. Ya 5 GHz yana kasi kubwa ila hudhoofishwa upesi na kuta za mawe. Kulihamishia lango katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi, huweza kusaidia kuliko kuongeza ada.

Jinsi ya kutambua kasoro

Kwanza, zitazamwe taa. Katika vifaa vingi vya faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu, nuru haifiki, na mwenye kazi ni kampuni. Taa zikiwa shwari, tarakilishi iunganishwe kwa waya na kasi ipimwe. Ikilingana na iliyolipiwa, tatizo ni Wi-Fi. Ikipungua sana ilhali hakuna mwingine anayeitumia, mteja ana ushahidi wa kudai haki yake.

Kuna siku tatizo huwa mbali zaidi. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikazorota nchini Kenya na katika mataifa jirani. Siku kama hiyo, kuzima na kuwasha ruta hakufui dafu.

Lango lisiloachwa wazi

Mwaka wa 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka ruta na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyowekwa viwandani. Mnamo Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hawakuwa na habari.

Isitoshe, kwa kuwa nyumba nzima huonekana nje kwa anwani ya lango, uovu wa jirani aliyeingia kwa siri huonekana kana kwamba umetoka kwa mwenye nyumba.

Kinga yake haina gharama. Neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta libadilishwe, nalo lisifanane na lile la Wi-Fi. Ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3. Programu ya kisanduku isasishwe kila toleo jipya linapotolewa, na wageni watengewe mtandao wao.