Mbaazi za usiku, feri ya alfajiri

Unakaa Likoni na zamu yako kisiwani inaanza saa moja? Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini chai ya ng'ambo si bure, na mfuko unauma.

Roweka mbaazi kavu asubuhi ukitoka. Usiku zichemshe ziive, chumvi tu. Tui usitie! Mimi nilitia, friji sina, na joto letu hili... zikachacha, nikavuka na njaa.

Unga wa mahamri ukande usiku: sukari, iliki, hamira kidogo sana, ufunike. Alfajiri utakuta umeumuka. Sukuma, kata, kaanga. Mbaazi zirudishe jikoni na kitunguu, mimina tui zito, koroga lisikatike. Tia kwenye mkebe, kimbia.