Sakafu ya Motakaa

Abiria aketiye ndani ya motakaa hutazama njia, miti na watu wapitao. Ni wachache waifikirio sakafu iliyo chini ya nyayo zao. Lakini gari likipita penye mawe, habari ya kwanza huletwa na sakafu hiyo: miguu hupata ganzi, magoti hutikisika, na masikio husikia ngurumo isiyokoma. Safari ikiwa ya saa nyingi, dereva huchoka mwili na akili pia, na dereva aliyechoka ni hatari kwa nafsi yake na kwa wengine. Kwa hiyo mafundi waundao motakaa huishughulikia sana sakafu, ingawa watu hawaisifu.

Mafundi hao hutaka sakafu iwe na sifa mbili. Kwanza iwe kakamavu, yaani isipindike wala kubonyea chini ya mzigo. Pili iwe nyepesi, kwa kuwa kila ratili ya chuma iliyozidi lazima ichukuliwe mlimani na bondeni, na petroli ndiyo ilipayo gharama yake. Kwa mtazamo wa kwanza sifa hizi mbili hazipatani.

Motakaa za zamani ziliundwa juu ya mihimili miwili mizito ya chuma, na sakafu ilikuwa mbao tu zilizolazwa juu yake. Mwaka 1922 Vincenzo Lancia wa Italia alionyesha motakaa iitwayo Lambda, ambayo haikuwa na mihimili hiyo. Mbavu zake na sakafu viliunganishwa vikawa kitu kimoja, kama tumbo la jahazi. Mwaka 1934 André Citroën wa Ufaransa alitoa motakaa ya namna hiyo iliyofanywa kwa feleji, nayo iliendelea kuundwa hata mwaka 1957. Leo motakaa nyingi huundwa hivyo. Basi sakafu si ya kukanyagwa tu. Ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari, nayo ikilegea, gari zima hulegea.

Mtu asiye na maarifa angesema, “Bamba la sakafu na liwe nene.” Ni kweli kwamba bamba likizidishwa unene mara 2, ugumu wake wa kupindika huwa mara 8. Lakini uzito wake nao huwa mara 2. Iko njia nyingine iliyo bora, ambayo haiongezi uzito.

Mwanafunzi na achukue karatasi moja, ailaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana kadiri ya shubiri moja, kama daraja. Karatasi itainama hata kabla ya kuwekewa kitu. Kisha na aikunje mikunjo myembamba, huku na huku, airudishe mahali pake, mikunjo ikielekea toka kitabu hata kitabu. Sasa itachukua kalamu bila kuanguka, na pengine daftari jepesi. Karatasi ni ile ile. Haikuongezwa hata chembe. Kilichobadilika ni umbo.

Sababu yake ni hii. Kitu kiinamapo chini ya mzigo, upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, lakini sehemu ya katikati haifanyi kazi kubwa. Karatasi iliyo tambarare yote iko karibu na katikati. Ikikunjwa, sehemu nyingine hupanda na nyingine hushuka, na huko mbali na katikati ndiko ziwezako kushindana na mzigo. Ndiyo maana mabati ya kuezekea hufanywa kwa mawimbi. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa London, alipewa na serikali haki ya uvumbuzi huo mwaka 1829. Lakini tangu zamani Muumba alikwisha kulikunja jani pana la mvumo, lipate kusimama wima penye upepo.

Kiwandani bamba la feleji, lenye unene wa milimita 1 hivi au pungufu, huwekwa baina ya kalibu mbili ndani ya shinikizo kubwa, likatoka na mifuo yake. Lakini mifuo ina ila moja: bamba lenye mifuo ya upande mmoja hukataa kupindika kwa upande huo, na kwa upande mwingine hukunjika upesi kama jamvi. Kwa hiyo mafundi hupiga mifuo mingine kwa urefu na mingine kwa upana, na mahali pengine huliinua bamba kidogo kama gamba la kobe. Katikati ya motakaa nyingi umo mfuo mkubwa kuliko yote, uendao toka mbele hata nyuma, na chini yake hupita bomba la moshi.

Sasa mtetemo wenyewe. Mtoto aliye katika bembea akisukumwa kwa kufuata mwendo wa bembea, misukumo midogo humpeleka juu sana. Akisukumwa ovyo, hapandi. Sakafu nayo ina mwendo wake wa kutetemeka. Injini ya silinda 4 izungukayo mara 800 kwa dakika, gari likiwa limesimama, hupiga mishindo 1,600 katika dakika hiyo, yaani kadiri ya 27 kwa kila sekunde. Mwendo wa sakafu ukilingana na mishindo hiyo, misukumo midogo hukusanyika ikawa mtikisiko mkubwa. Basi fundi hana budi kuupandisha mwendo wa sakafu upite ule wa mishindo. Ukakamavu huupandisha, kama ngoma itoavyo sauti ya juu ngozi yake ikikazwa, uzito huushusha. Hapo zile sifa mbili zilizodhaniwa kuwa adui huonekana kuwa ndugu, kwa maana zote mbili huiepusha sakafu na mishindo ya injini.

Hata hivyo umbo peke yake halitoshi. Bamba jepesi laweza kulia kama sinia la shaba lililogongwa. Sinia likiwekewa kiganja hunyamaza, kwa kuwa nyama laini hupokea mtetemo na kuugeuza kuwa joto dogo lisilohisika. Kwa ajili hiyo mafundi hubandika vipande vya lami juu ya sakafu, kisha hutandika zulia. Na kwa kuwa lami ni nzito, hupima kwanza waone mahali bamba litetemekapo zaidi, wakabandika hapo.

Akili ni mali. Fundi mwema hatafuti kwanza chuma kingi, bali hutafuta mahali pafaapo kwa kila chembe ya chuma alichonacho. Naye abiria ashukaye baada ya safari ndefu, miguu yake ikiwa haina ganzi, pengine hajui kwamba amechukuliwa njia nzima na mikunjo kama ile ya karatasi.