Gemu ya "majini": wawili wanavyoicheza, na la kufanya mtoto akianguka kibandani

Mama mmoja msikilizaji wetu wa Nyakunguru alitutumia ujumbe wa simu wenye swali ambalo tulidhani tungelijibu hewani kwa dakika mbili. Kijana wake wa miaka 14 amekuwa akienda kibandani kucheza gemu ambayo yeye na wenzake wanaiita gemu ya majini. Siku hiyo alianguka mbele ya runinga, akakakamaa, akatetemeka mwili mzima, kisha akalala fofofo kama mtu aliyetoka kulima kutwa. Majirani wakasema majini ya kwenye gemu yamempanda. Mama akataka kujua kama jambo hilo linawezekana, na mtoto ampeleke wapi.

Tulimpigia, tukamwambia ampeleke hospitali kwanza, mengine tutazungumza baadaye. Mengine yenyewe ndiyo haya, na kwa kuwa vibanda vya gemu sasa viko kila penye umeme au sola, kuanzia Sirari mpaka Mugumu, tumeona tuyaandike ili kila mzazi ayasome kwa nafasi yake.

Jina halikutungwa na watoto

Gemu yenyewe inaitwa Resident Evil 5. Imetengenezwa na kampuni ya Capcom yenye makao yake Osaka, Japani, na huko kwao inajulikana kama Biohazard 5. Ilitoka Machi 2009 kwa mashine za PlayStation 3 na Xbox 360, na mwaka 2016 ikatolewa upya kwa PlayStation 4 na Xbox One. Ni mojawapo ya mfululizo mrefu wa gemu za kutisha ulioanza mwaka 1996.

Ndani ya gemu hiyo, watu wanaokushambulia wanaitwa Majini. Watengenezaji walilichukua neno hilo kwenye Kiswahili, wakalieleza kuwa maana yake ni pepo wabaya. Si jina tu. Watu hao wanapokukimbiza wanapiga kelele kwa Kiswahili. Fikiria kijana wa Nyamongo aliyezoea gemu za mpira zenye mtangazaji wa Kiingereza, mara anasikia mtu mwenye shoka anamfokea kwa lugha ileile anayofundishiwa darasa la tatu. Lazima nywele zisimame.

Hapo pana kichekesho kidogo. Hadithi ya gemu inatokea katika mji wa kubuni unaoitwa Kijuju, ambao wenyewe wanasema uko Afrika Magharibi. Kiswahili huko si lugha ya sokoni wala ya nyumbani. Ni kama mtu atengeneze gemu ya Tarime, halafu wauza ndizi wote awape Kiwolofu cha Senegali.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba Majini wa kwenye gemu si majini tunaowafahamu sisi. Katika imani za watu wetu, jini ni kiumbe asiyeonekana, na watu wa Pwani watakuambia wapo wabaya na wapo wema. Katika gemu ni tofauti kabisa. Hao ni wanakijiji wa kawaida waliolishwa kimelea kwa nguvu, kimelea hicho kikashika akili zao. Nyuma yao wapo wafanyabiashara wanaouza magonjwa kama silaha. Mwanzoni kabisa mchezaji anaona mtu ameshikwa na kuingiziwa kimelea mdomoni. Kwa hiyo hadithi inahusu maambukizi na uovu wa binadamu. Kama tungeombwa neno la karibu zaidi katika mazungumzo ya huku kwetu, tungesema msukule, maana ni mtu aliyeporwa akili akatumikishwa.

Tuseme na hili. Kionjo cha gemu hii kilipooneshwa mwaka 2007 kilileta mjadala mkubwa duniani, kwa sababu kilionesha mzungu mwenye bunduki akiwafyatulia risasi wanakijiji weusi. Sisi tumeicheza, na kwa maoni yetu wakosoaji walikuwa na hoja. Shujaa wa pili, Sheva Alomar, ni mwanamke Mwafrika, jasiri na mwenye akili. Lakini wanakijiji wengine wengi wamewekwa pale ili wapigwe risasi basi, na hilo ni jambo la mzazi kulizungumza na kijana wake.

Wawili, pedi mbili, runinga moja

Kwa nini vijana wanaipenda? Jibu letu baada ya kukaa kibandani jioni kadhaa ni kwamba haichezwi kama mpira. Kwenye gemu ya mpira wewe na mwenzako mnashindana, akifungwa unacheka. Hii mnakuwa upande mmoja. Mmoja anashika pedi ya Chris Redfield, mwingine ya Sheva, na runinga inagawanywa vipande viwili, cha juu na cha chini, kila mtu na chake.

Sheria yake ya msingi ni kali: mmoja akifa, wote mmeshindwa. Mchezaji akijeruhiwa vibaya haanguki moja kwa moja, anabaki akijikokota, na mwenzake ana sekunde chache za kumfikia na kumuinua. Akichelewa, mnarudi nyuma wote wawili. Ndiyo maana ukipita nje ya kibanda unasikia vijana wakipiga kelele "njoo, njoo, nakufa!" Wazee wanadhani mle ndani kuna ugomvi.

Risasi ni chache, kwa makusudi. Kila mchezaji ana nafasi tisa tu za kubebea vitu, na humo zinaingia bunduki, risasi, na majani ya dawa ya kijani na mekundu ambayo ukiyachanganya yanaponya zaidi. Ukifungua mzigo wako kutafuta risasi, gemu haisimami. Adui anaendelea kuja wakati wewe unapekuapekua. Zaidi ya hapo, huwezi kutembea huku unafyatua. Ukinyanyua silaha, miguu inaganda. Kwa hiyo lazima mmoja apige na mwingine aangalie mgongo, na mpeane risasi bila kununiana. Tumewaona marafiki wa miaka mingi wakikosana kwa sababu mmoja alijilimbikizia majani yote.

Sehemu iliyotugusa sisi ni ile ya mgodini. Mnaingia kwenye mgodi wenye giza totoro, na taa ni moja. Anayebeba taa hawezi kupiga risasi, na anayepiga risasi haoni bila mwenye taa. Akitangulia mbio mwenye taa, mwenzake anabaki gizani na Majini. Akizubaa mwenye bunduki, wa taa anakamatwa. Kwa watu wa ukanda huu, ambao ndugu zao wamewahi kuingia shimoni kutafuta dhahabu, hakuna haja ya kueleza zaidi. Kijana mmoja pale kibandani, mwenyewe mchimbaji mdogo, alikataa kabisa kubeba taa. Alisema anamjua anayecheza naye.

Ukicheza peke yako, Sheva anaendeshwa na mashine, na mashine hiyo ina tabia ya kumaliza risasi na dawa ovyo. Ndiyo sababu nyingine ya vijana kwenda kibandani wawili wawili.

Onyo dogo kwa wenye simu: gemu hii haikutengenezwa kwa simu hizi za kawaida tunazotumia. Kiungo kinachokuambia uipakue bure kwenye simu yako usikibonyeze. Mafaili ya namna hiyo mara nyingi hubeba programu za kuiba, na simu yako ndiyo yenye pesa zako.

Nini kilimwangusha mtoto?

Turudi kwa mama yetu. Ndani ya gemu hii hakuna kitu kinachoweza kutoka kikamwingia mtu. Ni picha na sauti. Lakini picha zenyewe zina mwanga, na mwanga unaomulika na kuzima harakaharaka unaweza kumletea degedege mtu ambaye ubongo wake una wepesi huo. Madaktari wanakifahamu kama kifafa kinachochochewa na mwanga. Si wengi walio nacho. Kati ya watu 100 wenye kifafa ni kama watatu tu. Lakini huonekana zaidi kwa watoto na vijana wa umri wa shule, ambao ndio wateja wa vibanda. Ndiyo maana kampuni za gemu huandika onyo kuhusu kifafa kwenye vijitabu vyao au mwanzoni mwa gemu. Onyo hilo limeandikwa kwa Kiingereza, na kibandani kijitabu kilishapotea siku nyingi.

Wala gemu haihitaji kutisha ili hilo litokee. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, runinga ilionesha katuni ya watoto ya Pokémon. Katika sehemu moja, taa nyekundu na bluu zilimulika kwa kupokezana karibu mara 12 kwa sekunde moja. Usiku huo watoto zaidi ya 600 walikimbizwa hospitali, wengine wakiwa na degedege. Ilikuwa katuni ya kuchekesha, haina jini wala shoka.

Vilevile inawezekana gemu haihusiki kabisa. Mtoto mwenye kifafa cha kawaida anaweza kuanguka shambani, kanisani au kisimani, na siku hiyo ikawa tu yuko kibandani. Malaria kali nayo huleta degedege, hasa kwa wadogo, na huku kwetu malaria si mgeni. Kutofautisha hayo ni kazi ya daktari kwa vipimo. Hatubishani na imani ya mtu. Anayetaka kuombewa aombewe. Tunachosema ni kwamba hospitali isisubiri zamu ya mwisho, kwa sababu kifafa kina dawa, na wengi wanaozitumia kila siku bila kuruka huacha kuanguka.

Mtu akianguka mbele yako, kibandani au popote, sogeza vitu vigumu au vyenye ncha vilivyo karibu naye, na weka nguo laini chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu kuzuia kutetemeka. Usimtie kijiko wala kijiti mdomoni, unaweza kumvunja meno au kumziba pumzi. Usimpe maji. Kutetemeka kukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate na povu vitoke nje. Na povu hilo haliambukizi. Tunalisema kwa sauti kwa sababu tunajua watu wamewahi kuachwa waungue motoni kwa kuogopa kuguswa nalo. Angalia saa. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, tafuta usafiri wa kwenda hospitali bila kuchelewa. Kama ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hata kama limekwisha lenyewe.

Kwa wenye vibanda tuna neno pia. Wengi mnafunga mapazia ili picha ionekane vizuri, vijana wanakaa hatua moja kutoka kwenye skrini, saa tatu mfululizo. Giza, ukaribu na uchovu ndivyo vinavyoongeza hatari kwa mwenye wepesi wa mwanga. Acheni taa moja iwake, sogezeni benchi nyuma, na anayesinzia arudi nyumbani. Mchezaji akihisi macho yanacheza au kichwa kinakuwa chepesi, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke pembeni. Kufunga macho yote mawili ghafla kunaweza kuongeza tatizo.

Kuna na suala la umri, ambalo kwetu ndilo zito baada ya afya. Ulaya gemu hii imewekewa alama ya 18, na Marekani alama ya kuanzia miaka 17, kwa sababu ya damu na ukatili wake. Mtoto wa miaka 10 anayeamka usiku akipiga kelele kwamba wenye shoka wamefika dirishani hajarogwa. Ameona kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Kwenye vibanda tulivyotembelea hatukuona popote alama hizo zimebandikwa, na wateja wengine walikuwa bado na sare za shule. Mwenye kibanda ana gemu za mpira na za magari za kutosha kuwapa hao.

Yule mama alitupigia tena baada ya wiki tatu. Mtoto amepimwa, ana kifafa, ameanzishiwa dawa, na mpaka siku hiyo hajaanguka tena. Majirani bado wana yao. Yeye alikuwa na swali jipya: kijana anaomba kurudi kibandani, kwa sababu rafiki yake aliyekuwa anacheza naye amekwama kule mgodini na hakuna mwingine anayekubali kubeba taa. Tulimwambia amuulize daktari kuhusu runinga na mwanga. Kuhusu gemu yenyewe tulimwambia 14 siyo 18. Akacheka, akasema hilo la umri tumwambie kijana wenyewe, akampa simu.