Kulinda Nafasi Kuliko Kufukuza Mpira: Hesabu ya Ulinzi Dhidi ya Timu ya Pasi

Katika viwanja vingi vya kandanda huonekana jambo lile lile. Timu moja inagongeana pasi fupi fupi, na timu ya pili inaufuata mpira huku na huko. Baada ya nusu saa wale wanaofukuza wameloa jasho, mpira wameugusa mara chache tu, na mabao yanaanza kuingia. Watazamaji husema kwamba wachezaji hao ni wavivu, au kwamba hawana moyo. Aghalabu lawama hiyo si ya haki. Vijana hao wamejitahidi kupita kiasi, lakini wamejitahidi katika kazi isiyowezekana.

Makala haya yanaeleza kwa nini kazi hiyo haiwezekani, na ni mpango gani timu yenye ufundi mdogo inaweza kuushika badala yake. Maelezo yenyewe hayahitaji elimu kubwa kuliko hesabu za shule: umbali, muda na pembe.

Mpira na mguu

Pasi ya chini iliyopigwa barabara husafiri kwa mwendo wa takriban mita 15 kwa sekunde. Mchezaji mwepesi hufikia mita 8 au 9 kwa sekunde awapo katika mbio kamili, lakini hapati mwendo huo papo hapo. Kwanza jicho halina budi kuona na ubongo kuamua, na hapo hupotea takriban robo ya sekunde. Kisha mwili huanza kwenda polepole ndipo ushike kasi, kama gari linavyoondoka kituoni.

Ichukuliwe pasi ya mita 20. Mpira utafika baada ya sekunde 1.3 hivi. Mlinzi aliyesimama, akiisha kutoa robo ya sekunde ya kuamua, atakuwa amekwenda mita 2 au 3 tu wakati mpira unapomfikia anayepewa. Ichukuliwe sasa pasi ya mita 10. Mpira utafika katika muda wa theluthi mbili za sekunde, na mlinzi atakuwa hajamaliza hata nusu mita.

Matokeo ya hesabu hii ni mazito. Pasi fupi haikamatwi kwa mbio. Hukamatwa na yule aliyekuwa amekwisha kusimama karibu na njia yake kabla haijapigwa. Mlinzi anayengoja kuona mpira unakwenda wapi ndipo akimbie, amekwisha kuchelewa. Na akirudia kosa hilo mara mia katika mchezo mmoja, atachelewa mara mia, huku nguvu zake zikipungua. Kwa hiyo swali la kwanza la mpangaji wa ulinzi ni hili: watu wake wasimame wapi kabla pasi haijapigwa?

Kuupunguza uwanja

Uwanja mkubwa wa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Zikigawanywa kwa wachezaji kumi, bila kumhesabu mlinda mlango, kila mmoja atapewa mita za mraba 714. Hakuna binadamu awezaye kulinda shamba la namna hiyo.

Hata hivyo hakuna sheria inayoilazimisha timu kulinda uwanja wote. Tena ipo sheria inayoisaidia kuupunguza, nayo ni ile ya kuotea. Mchezaji huwa ameotea akipelekewa mpira na mwenzake hali yumo katika nusu ya wapinzani, akiwa mbele ya mpira na mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kabla ya mwaka 1925 walihesabiwa wapinzani watatu. Tangu mwaka huo ni wawili. Mabeki wakisogea mbele kwa pamoja, washambuliaji hulazimika kusogea nao, na eneo la mchezo hufupika.

Sasa wachezaji kumi na wajipange katika mstatili wenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 40. Eneo lake ni mita za mraba 1,200, na fungu la kila mmoja ni mita 120. Mzigo wa kila mlinzi umepungua takriban mara sita, na hakuna aliyeongeza mbio hata kidogo. Ndani ya mstatili huo kila pasi hupita karibu na mguu wa mtu. Arrigo Sacchi, aliyeifundisha AC Milan ya Italia kuanzia mwaka 1987, alidai kwamba umbali kati ya beki wake wa mwisho na mshambuliaji wake wa mbele usizidi sana mita 25. Aliwazoeza wachezaji wake kusogea pamoja uwanjani bila mpira, ili miguu izoee umbali huo kwanza. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na mwaka 1990.

Msomaji atauliza: je, sehemu zilizoachwa wazi? Jibu ni kwamba umbali ni muda. Pasi ndefu ya kuvuka uwanja hukaa hewani sekunde 2 au zaidi, na anayeipokea huhitaji muda mwingine kuituliza. Katika muda huo mstatili wote waweza kusogea hatua kumi kuelekea upande huo. Kwa hiyo mpinzani aliye mbali na mpira anaweza kuachwa peke yake bila hatari kubwa, mradi timu nzima isogee mara mpira unapoondoka mguuni, isingoje mpaka utue.

Pembe ya lango

Ikiwa lazima sehemu fulani iachwe, iachwe ipi? Hapo pembe hutoa shauri. Lango lina upana wa mita 7.32. Mchezaji aliyesimama penye alama ya penalti, mita 11 mbele ya lango, huliona katika pembe ya digrii 37 hivi. Akirudi nyuma hadi mita 25, akiwa bado katikati, pembe hupungua hadi kufika digrii 17. Lakini akiwa mita 11 kutoka mstari wa goli, na amesukumwa mita 20 kando, pembe hiyo ni digrii 9 tu. Umbali wake kutoka mstari wa goli ni ule ule wa penalti, lakini lango analoliona limekuwa robo ya lile la kwanza.

Ndiyo maana mipango mingi mizuri hufunga katikati na kuacha njia za pembeni. Timu ya pasi huruhusiwa kugongeana kando, mbali na lango, mpaka ichoke au ijaribu krosi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na katika kandanda ukingo huo ni mstari wa pembeni, ambao ni mlinzi asiyechoka wala kudanganywa. Krosi ya juu hutua baada ya sekunde moja au zaidi, na mabeki wanaoutazama mpira hupata nafasi ya kuruka. Krosi ya kuogopwa zaidi ni ile ya chini inayorudishwa nyuma kutoka karibu na mstari wa goli. Huwakuta mabeki wakikimbilia lango lao, wakiutazama mpira, na mfungaji akiwa nyuma ya migongo yao. Kwa hiyo kiungo mmoja sharti abaki penye ukingo wa eneo la penalti, hata kama wenzake wote wamevutwa ndani.

Kivuli cha mlinzi

Mlinzi hulinda pia kwa kivuli chake. Taa ikiwekwa karibu na mtu, kivuli chake ukutani huwa kikubwa. Ikiwekwa mbali, kivuli hupungua. Mwenye mpira ni kama taa hiyo. Mlinzi akisimama mita 2 mbele yake, na mguu wake ukifika nusu mita kila upande, atakuwa ameziba upana wa mita 10 kwa wale walio mita 20 kutoka kwenye mpira. Akisimama mita 10 kutoka kwenye mpira, mguu ule ule utaziba mita 2 tu. Na hata akipata muda wa kujongea kidogo, hataziba zaidi ya mita 3 au 4.

Funzo lake ni kwamba anayemwendea mwenye mpira asiende kama mshale. Aende kwa kuzunguka kidogo, ili mpinzani wa hatari zaidi abaki nyuma yake, ndani ya kivuli. Kazi yake si lazima iwe kuunyang'anya mpira. Inatosha ikiwa mwenye mpira hana njia nyingine ila kuupiga pembeni au kuurudisha nyuma.

Barcelona, tarehe 28 Aprili 2010

Mfano mashuhuri wa mpango huu ulionekana katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010. Barcelona ya Hispania, chini ya Pep Guardiola, ilikuwa bingwa mtetezi na timu iliyosifiwa kuliko zote kwa pasi. Inter Milan, chini ya José Mourinho, ilikuwa imeshinda mabao 3 kwa 1 mjini Milan tarehe 20 Aprili. Katika mchezo wa marudiano Inter iliweza kustahimili bao moja. Kufungwa 2 kwa 0 kungeitoa, kwa sababu ya sheria ya bao la ugenini, ambayo shirikisho la Ulaya liliifuta mwaka 2021.

Katika dakika ya 28 kiungo wa Inter, Thiago Motta, alipewa kadi nyekundu. Wakabaki wachezaji tisa na mlinda mlango. Badala ya kuufukuza mpira, walirudi na kupanga safu mbili za karibu karibu mbele ya eneo lao la penalti. Samuel Eto'o wa Kameruni, mfungaji ambaye msimu uliotangulia alikuwa akiichezea Barcelona hiyo hiyo, alicheza pembeni karibu kama beki. Barcelona ilikaa na mpira kwa zaidi ya theluthi mbili za mchezo, lakini muda mwingi ilikaa nao nje ya mstatili. Katika dakika za mwisho aliingia McDonald Mariga, kiungo kutoka Kenya, kusaidia kulilinda lango. Barcelona ilipata bao moja tu, la Gerard Piqué katika dakika ya 84. Inter ikasonga mbele kwa jumla ya mabao 3 kwa 2, na tarehe 22 Mei ikaifunga Bayern München 2 kwa 0 katika fainali mjini Madrid.

Lakini yafaa mfano huo usomwe kwa uangalifu. Shuti la Lionel Messi liliokolewa na Júlio César kwa ncha za vidole. Katika muda wa nyongeza Bojan alitia mpira wavuni, na mwamuzi akalikataa bao hilo kwa sababu ya mkono wa Yaya Touré. Mpango mzuri hupunguza idadi na ubora wa nafasi za kufunga, hauziondoi zote. Anayeuchagua achague akijua hivyo.

Gharama ya mpango

Ipo gharama ya pili. Tarehe 16 Juni 2010, mjini Durban, Uswisi iliifunga Hispania 1 kwa 0 katika Kombe la Dunia, kwa ulinzi wa namna hiyo hiyo na bao la Gelson Fernandes. Hispania ndiyo iliyokuja kuwa bingwa. Uswisi, kwa upande wake, ilifungwa na Chile 1 kwa 0, ikatoka suluhu bila bao na Honduras, na ikarudi nyumbani. Katika michezo mitatu ilifunga bao moja. Mpango uliotengenezwa kwa ajili ya kuizuia timu ya pasi haukuwa na dawa ya timu isiyokuja kushambulia kwa namna hiyo.

Iko njia nyingine, ya kuwaendea wapinzani mbele na kuwanyima muda wa kuinua macho. Uholanzi iliitumia kwa sehemu dhidi ya Hispania tarehe 13 Juni 2014 mjini Salvador, Brazili, ikashinda 5 kwa 1. Njia hiyo huhitaji mapafu na mbio nyingi, na mmoja akichelewa mlango huwa wazi nyuma yake. Timu nyingi hufanya busara zikichanganya njia mbili: kukaa ndani ya mstatili kwa kawaida, na kutoka kwa pamoja inapoonekana ishara fulani. Ishara hizo ni chache. Mpinzani ameutuliza mpira vibaya. Ameupokea akilitazama lango lake mwenyewe. Amebanwa penye mstari wa pembeni. Au amepelekewa pasi ya juu itakayochukua muda kushushwa. Katika nafasi hizo nne muda unahamia kwa mlinzi, na mbio zake zina faida.

Mwalimu wa timu ya shule au ya kijiji hahitaji vyombo vya thamani ili kuifundisha hesabu hii. Chokaa ya uwanjani imekwisha kumchorea kipimo: eneo la penalti lina upana wa mita 40.32, takriban sawa na ule wa mstatili uliotajwa. Awapange wachezaji wake kumi katika upana huo, autembeze mpira kwa mkono kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kuwataka wasogee pamoja bila kuacha pengo la zaidi ya mita 10 kati ya mtu na jirani yake. Akifanya hivyo robo saa kila siku ya mazoezi, vijana wake wataacha kufa kwa kiu wakiukimbiza mpira. Watakuwa wamesimama mahali unapotaka kwenda.