Medali Ninayo, Kilomita 21 Sina

Medali yangu imeandikwa "21 km". Nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu hosteli, na kila anayeingia chumbani ananipongeza. Nikipongezwa naona aibu. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana msimu wa mbio umefika na wengi wenu mmeanza kuulizana mjisajili wapi.

Nilijiandaa miezi minne. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, saa moja niko darasani. Ada ya ushiriki ilikuwa shilingi 35,000, na mnajua hiyo ni pesa gani bumu likichelewa. Nikalipa. Tuliambiwa mbio zinaanza saa 12:00 asubuhi. Tukaanza saa 1:20, eti mgeni rasmi hajafika.

Kuchelewa huko si jambo dogo. Mwili unaokimbia unazalisha joto jingi, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho. Jua likiwa kali, damu ile ile inatakiwa sehemu mbili: misuli inaitaka ifanye kazi, ngozi nayo inaitaka ili mwili upoe. Moyo unaelemewa. Ndiyo maana mbio ndefu kwenye nchi zenye joto huanza alfajiri. Dakika 80 za kumsubiri mgeni tulikuja kuzilipa sisi, kilomita za mwisho.

Halafu maji. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinataka maji yawepo mwanzo, mwisho, na njiani kila baada ya kilomita 5 hivi. Kituo cha kwanza tulikikuta. Cha pili tukakuta maboksi matupu. Wa kilomita 10 walikuwa wamepita hapo hapo kabla yetu, na inaonekana hakuna aliyepiga hesabu ya watu wote pamoja. Nikaingia dukani nikanunua maji kwa nauli yangu ya kurudi.

Mbele kidogo dada mmoja alikaa chini ghafla, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Hilo lishikeni: mtu aliyezidiwa na joto akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Mtoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na awahishwe hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa moja tu, nalo limeegeshwa kwenye mstari wa kumalizia. Tulimmwagia maji yangu, na kijana wa bodaboda ndiye aliyempeleka zahanati. Jioni tukasikia anaendelea vizuri. Ilikuwa bahati, haukuwa mpango wa mtu.

Sasa umbali. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, yaani nusu ya 42.195. Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, na wapimaji huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Hata wakubwa hukosea: marathoni ya Manchester, Uingereza, ya mwaka 2013, 2014 na 2015 iligundulika baadaye kuwa pungufu kwa mita 380, na muda wa waliokimbia ukakosa kutambuliwa. Kwetu haikufika huko kwenye vipimo. Baada ya kilomita 13 kulikuwa na njia panda isiyo na msimamizi wala kibao. Wa mbele akakata kushoto, sote tukamfuata. Simu yangu ilimaliza na kilomita 19.4. Simu inaweza kukosea kidogo, lakini si zaidi ya kilomita moja na nusu, tena simu za wenzangu wanne zikasema karibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, waulize waandaaji: njia imepimwa na nani? Vituo vya maji viko vingapi, na vimepangwa kwa watu wangapi? Magari ya wagonjwa yatakaa wapi? Nani atasimama kwenye kila njia panda, na bodaboda watazuiwaje? Mbio zikiahirishwa hela inarudi? Kisha mtafute aliyekimbia mwaka jana, umuulize hayo hayo. Mwandaaji aliyejipanga anajibu bila kukasirika. Sisi wa ualimu hatuingii darasani bila andalio la somo, na darasani hakuna anayezimia kwa jua.

Na hili liwahusu pia viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, tukiandaa mbio zetu za hisani hapa chuoni. Anzeni kwa maji na wasimamizi wa njia. Fulana zije baadaye.

Mimi niliwapigia simu waandaaji wale. Nikaeleza yote, kuanzia mgeni rasmi mpaka njia panda. Aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa mdogo wangu, kwani medali hukupewa?"